Baba Mukwe Aliyepima Pumzi

Jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau. Nimeishi kwenye kiwanja chake miaka kumi na minne na sijalitamka hata siku moja, na sitaanza leo. Mukamwana hataji jina la baba wa mume wake. Haketi kwenye kiti chake, hapiti mbele yake akiwa anakula, na chumba chake cha kulala haingii, hata paa likivuja. Nilipoletwa hapa Bunia kutoka Aru, mashangazi wa mume wangu walinipa sheria hizo asubuhi ya kwanza, kabla hata ya kunipa chai. Basi kwangu yeye ni Baba Mukwe, na mbele yake ni Baba tu. Yeye naye, kabla sijazaa, aliniita binti ya Aru. Nilipozaa akaniita Mama Furaha, na huyo Furaha ndiye habari yote hii.

Nikisema alikuwa mtu wa uangalifu, ninapunguza. Mabuti yake ya mpira aliyavaa hata wakati wa kiangazi, vumbi likiwa kila mahali, kwa sababu mvua, alisema, haitumi barua. Shati lake alilipiga pasi mwenyewe; mimi sikukunja vizuri kola. Lango la kiwanja alilifunga, akaondoka hatua kumi, akarudi kulitikisa. Watoto wa majirani walimngoja pale arudi, wakicheka pembeni, naye hakuwaona au alijifanya hakuwaona.

Na shingoni alivaa ufunguo. Aliufunga kwa kamba ya kiatu, nyeusi, ndefu, ukining'inia ndani ya shati juu ya kifua. Alipoinama kunawa mikono, ulitoka nje ukagonga beseni, na sisi tuliokuwa jikoni tulijua sasa anakuja kula. Ulikuwa ufunguo wa sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda chake. Humo aliweka karatasi za kiwanja, picha ya harusi yake, blanketi, suti moja, tochi, kiberiti na chumvi iliyofungwa ndani ya nailoni mara tatu. Vita vya mji huu vilishamkimbiza zaidi ya mara moja, na mara moja alikimbia na mikono mitupu. Hakuipenda habari hiyo. Ila mtu akimcheka kwa sababu ya sanduku, alijibu bila hasira: "Siku ya kukimbia, hakuna mutu atakungoja utafute."

Kila asubuhi alilikagua. Mimi nilikuwa nje nawasha makala, makaa ya kupikia, ukuta wa chumba chake uko palepale, na ule ni ukuta wa mbao, hausitiri kitu. Kwanza nilisikia kufuli. Halafu mwanga wa tochi ulipita kwenye nyufa: washa, zima. Halafu njiti moja ya kiberiti, kuona kama unyevu haujaingia. Halafu, tangu mwaka ule Furaha alipotimiza miaka mitano, ikaongezeka sauti nyingine ndogo mwishoni: psii. Moja tu. Tulidhani amejinunulia marashi. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la njia ya Aru na nyumbani anakuja kama mgeni, aliisikia siku moja akacheka mpaka chai ikamtoka puani. "Muzee anatafuta bibi," akasema. Nami nikacheka. Ee, nilicheka, tena sana.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuendana na heshima zake zote, na watu wa mtaa walikisema chinichini. Baba Mukwe alifukiza vibuyu. Kwa watu wa ng'ombe hiyo ni kazi ya mama: unachoma majani na vijiti maalum, unaelekeza moshi ndani ya kibuyu mpaka kipate harufu, ndipo maziwa yaingie. Mke wake alipokufa, wengi walidhani vibuyu vitaenda kwa shangazi mmoja, au kwangu. Wapi! Alivichukua yeye mwenyewe. Mzee mzima na mabuti yake, amechuchumaa nyuma ya jikoni, anapuliza moshi ndani ya kibuyu taratibu, macho yanamtoka machozi. Sikujua kama ni moshi au ni mengine, na haikuwa haki yangu kuuliza. Maziwa yasiyo na moshi aliyaita maji meupe.

Sasa mtu aniambie, mukamwana ataanzia wapi kumwambia mzee huyo kwamba moshi wake unambana mjukuu wake kifua?

Maana Furaha alikuwa na asme, yaani pumu. Neno hilo tulilipata kwenye kituo cha afya, siku ya kwanza alipobanwa. Na aliyembeba siku hiyo hakuwa mimi wala baba yake. Ni Baba Mukwe. Alimtia mgongoni kwa kitenge changu, kitu ambacho mwanaume wa rika lake hafanyi, akatembea naye barabarani mchana kweupe, anamwambia mtoto, "Pumua, mama, pumua polepole." Muuguzi alimpa Furaha dawa, akatuonyesha pompi, ile ndogo ya bluu ya kufinya mdomoni. Akamgeukia mzee, maana ndiye aliyekuwa mkubwa pale, akasema: "Hii muichunge sana, Muzee. Ni hii itamurudishia pumuzi."

Baba Mukwe aliipokea kwa mikono miwili. Tulipofika nyumbani aliingia nayo chumbani. Nikasikia kufuli.

Nitasema kweli: nilifurahi. Nilijua watoto wangapi wa mtaa huu wanachezea dawa kama kofia za chupa. Nikasema moyoni, pompi iko kwa mtu asiyepoteza hata sindano. Na mara tatu mambo yalikwenda sawa. Furaha alibanwa, nikapiga kelele uani, ufunguo ukalia, mzee akatoka na pompi ndani ya leso, mtoto akavuta, baada ya muda rangi ikarudi. Baada ya kila safari aliifuta kwa leso ileile akairudisha ndani. Aliiita mashini. "Mashini imelala," alisema, na sisi tukatulia.

Alimpenda mtoto yule kwa namna ya kumchosha. Usikimbie. Usiruke kamba. Usicheke sana. Alimfuata mwalimu shuleni akamwambia Furaha asishike ufagio, lakini sababu hakuisema. Kwake neno asme lilikuwa halitoki nje ya lango. "Ni kifua tu," aliwajibu watu. Aliogopa kwamba msichana mwenye asme hataolewa, na mwenyewe alikuwa na miaka sita! Kwa hiyo shuleni hawakujua, jirani hawakujua, na pompi haikutoka nyumbani. Upande mwingine, mashangazi walipokuja na wembe kumchanja mtoto kifuani watie dawa ya unga, alisimama mlangoni na mabuti yake. "Hakuna wembe kwa kifua ya huyu mutoto. Murudi kwenu." Wakarudi. Ndivyo alivyokuwa: leo unataka kumbusu mikono, kesho unataka kumtupia sufuria.

Habari ya moshi, muuguzi alimwambia wazi, mbele yangu. Akacheka kidogo, kwa heshima. "Moshi ya kibuyu inaua nani? Siye bote tulikomalia ndani yake." Kesho yake akachuchumaa palepale nyuma ya jikoni. Nilichoweza ni kumtuma Furaha kwa jirani kila moshi ulipoanza. Na mimi na makala yangu, nani alinisema? Nilikuwa napika mlangoni, mtoto ananing'inia begani. Basi nisimbebeshe mzee mzigo wote.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa kiangazi, upepo unaokota vumbi la barabara nyekundu na kulileta mpaka kwenye meza. Mtu fulani alikuwa anachoma majani makavu nyuma ya viwanja. Mume wangu alikuwa Aru. Baba Mukwe alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Marabo, kwenye matanga ya binamu yake, na angelala huko. Kabla ya kuondoka nilisikia kufuli, tochi, kiberiti, psii. Lango alilitikisa mara mbili. Ufunguo alikwenda nao shingoni, kama kila siku, na mimi sikufikiri lolote. Miaka yote hiyo, jamani, sikufikiri!

Furaha alirudi shuleni anatembea kando ya ukuta. Mabega yamepanda juu, karibu na masikio. Nikamwita, akafungua mdomo, likatoka neno moja vipande viwili: "Ma... ma." Hapo juu ya kifua, chini ya koo, ngozi ilikuwa inazama kila alipovuta hewa. Nikamkalisha, nikamwinamisha mbele kama tulivyofundishwa, nikageuka kupiga kelele uani, "Baba!" Ndipo nikakumbuka Marabo.

Nikaenda mpaka mlango wa chumba chake. Hakuwa ameufunga, mlango una kitanzi cha waya tu. Nani angeingia? Nikasimama. Sikiliza vizuri, maana hili ndilo linanichoma mpaka leo: nilisimama. Mtoto wangu anazama nyuma yangu, na mimi nimesimama mbele ya kitanzi cha waya nikiwaza mashangazi watasema nini. Sijui ni muda gani. Ulikuwa mrefu kuliko haki ya mama yeyote kusimama.

Halafu nikaingia. Kilikuwa chumba kidogo, safi, kinanuka sabuni. Nikavuta sanduku. Kufuli lilikuwa kubwa kama ngumi. Nikakimbia kuchukua mchi wa kinu, nikalipiga kufuli, likakataa. Nikapiga tena, likakataa tena. Uani Furaha alikuwa anatoa sauti nyembamba, ile ya filimbi, na kila mara inakuwa fupi. Nikageuza sanduku, nikapiga nyuma, kwenye bawaba. Ya kwanza ikatoka. Nikatia mchi katikati nikakalia. Bati likapasuka, karatasi za kiwanja zikamwagika, picha ya harusi ikagonga sakafu na kioo chake kikapasuka juu ya uso wa mama mkwe wangu. Pompi ilikuwa ndani ya leso, imekunjwa vizuri.

"Vuta, mama. Vuta." Nikafinya: psii. Furaha akavuta. Tukangoja. Nikafinya tena: psii. Akavuta, macho yananitazama kama mtu anayeniuliza kitu. Mara ya tatu. Mara ya nne. Mashini inalia vizuri kabisa, na mtoto harudi. Midomo yake ilianza kuwa rangi ya majivu. Ee Mungu wangu, nikasema, hii siyo ileile? Ni nini tena?

Kijana wa pikipiki wa mtaa wetu alikuwa anaosha tairi lake. Hakuuliza. Tulimweka mtoto katikati, mimi nyuma nimemkumbatia na kumwegemeza mbele, na njia yote nilihesabu pumzi zake kwa tumbo langu. Mara mbili nilidhani zimekwisha. Kijana alipiga honi mfululizo toka kwetu mpaka kituo cha afya, na kitenge changu kilibaki barabarani, sikurudi kukitafuta.

Walimwekea kinyago cha mvuke wa dawa. Nilikaa chini, kwenye sementi, nimeshika mguu wake mmoja. Polepole ule mguu ukaacha kutetemeka. Halafu akasema, "Mama, nina kiu," sentensi nzima, bila kuikata, na mimi nikalia kama mtu aliyepigwa.

Muuguzi, yuleyule wa mara ya kwanza, aliichukua pompi yetu. Akaifinya juu ya kiganja chake, psii, akakitazama kiganja, akainusa.

"Hii imekwisha, Mama Furaha. Inalia tu. Ni hewa."

"Itakwishaje? Tumetumia mara tatu."

"Mara tatu?" Akanitazama kama mtu anayemdanganya. "Hii iko na dawa ya siku mingi sana. Nani mwingine anaifinya?"

"Hakuna. Iko ndani ya sanduku. Baba Mukwe ndiye..."

Nilisikia kufuli kichwani mwangu. Nikasikia tochi. Nikasikia kiberiti. Sikumalizia sentensi, na muuguzi, asante Mungu, hakuniuliza tena. Kumbe kila asubuhi, kwa uangalifu wake, Baba Mukwe alikuwa anaijaribu kama anavyojaribu tochi, aone bado inafanya kazi. Pumzi moja ya mjukuu wake kila siku, hewani, juu ya kitanda, halafu anaikunja ndani ya leso. Alikuwa ameimaliza kwa kuichunga.

Aliporudi kutoka Marabo alikuta sanduku. Nilikuwa nimekusanya karatasi nikazipanga, lakini bati lililopasuka halifichiki. Sikupata nafasi ya kusema. Nilipiga magoti, nikaanza, "Baba, mutoto alibanwa," akainua mkono. Alikuwa ameshasikia barabarani. Alimtazama Furaha kichwani mpaka miguuni, akamgusa shavu, akaingia chumbani. Hakuniuliza kitu. Nilimsikia akiokota vipande vya kioo, kimoja kimoja.

Siku zile chakula changu kilirudi nusu. Kiti chake alikigeuza kikatazama lango. Kwa simu alimwambia mume wangu maneno matano tu: "Bibi yako aliingia chumba yangu." Na nilipomweleza mume wangu mambo yote, nikasikia lori linanguruma kwenye simu, akasema, "Acha. Usimuambie weye. Weye ni mukamwana. Nitakuya, nitamuambia miye mwenyewe." Lini? Wiki ijayo. Barabara ikikubali.

Muuguzi alikuwa amenipa pompi mpya. Niliificha kwenye begi langu la nguo, nikasema nitamngoja mume wangu. Nikaenda kisimani. Niliporudi, Furaha ananiambia kwa furaha, "Koko ameniomba mashini, nimemupatia." Koko ndivyo alivyomwita babu yake. Sanduku lilikuwa limeshakwenda kwa fundi wa bati na kurudi. Kufuli lilikuwa jipya.

Kesho yake nawasha makala. Kufuli. Tochi. Kiberiti. Psii.

Nilishika koleo la makala mpaka likaniunguza. Siku ya pili: psii. Nikampigia mume wangu, simu haipatikani. Siku ya tatu: psii. Nikaenda kwa shangazi mmoja, akasema mukamwana mwenye adabu hasikilizi ukuta wa baba mkwe wake. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na kila mtu, na zaidi na mimi mwenyewe, kwa sababu nilijua nitasimama tena mbele ya kitanzi cha waya kama ile siku.

Siku ya nne sikuwasha makala. Nilipiga magoti uani, paji la uso karibu na zile mbao. Kufuli. Tochi, washa, zima. Kiberiti kikawaka, nikakinusa. Halafu leso ikafunguliwa.

"Baba! Usifinye!"

Hata kuku waliniangalia.

"Ni nani?"

"Ni miye. Mama Furaha."

"Unatafuta nini kwa ukuta yangu?"

"Baba, nisamehe. Ile mashini iko na dawa yake imehesabiwa. Ukifinya, dawa inatoka. Ukifinya kila siku, dawa inakwisha, inabaki kulia tu. Ile siku niliyovunja sanduku, Baba, nilimufinyia mutoto mara nne. Ilikuwa hewa."

Nilisikia kitanda kinalalamika, kama mtu aliyekaa ghafla. Nilibaki magotini, makokoto yananiingia.

"Kila siku moja," akasema. Haikuwa swali.

"Kila siku moja, Baba."

"Tangu ile siku munganga alisema nichunge."

"Tangu ile siku."

Hakutoka mpaka jua likapanda juu ya paa. Alipotoka alikuwa hana mabuti. Miaka yote sikuwahi kuiona miguu yake. Ilikuwa myeupe kwa vumbi la mpira, ya mzee kabisa. Alivuka uani bila kunitazama, akachukua nyundo na msumari, akaenda mpaka nguzo ya mlango wa jikoni. Akamwita Furaha. Akamsimamisha pale, akaweka kiganja juu ya kichwa chake kupata urefu, akapiga msumari. Halafu akavua kamba ya kiatu shingoni, akafungua ufunguo, na kwenye kamba ileile akafunga pompi, akaitundika kwenye msumari. Ufunguo aliutia kwenye kufuli la sanduku ukabaki humohumo, na mpaka leo ninavyosema uko pale.

Samahani hakuomba. Sikuingoja. Mchana aliniita, akakaa kwenye kiti chake kilichogeuzwa kutazama jikoni, akasema, "Maziwa nitayanywea kule kwa ng'ombe." Jioni vibuyu vyote vilikuwa vimeondoka nyuma ya jikoni. Alivipeleka kwa mchungaji wa ng'ombe wake, ukingoni mwa mji, na tangu hapo alivifukizia kulekule na kurudi na koti linalonuka moshi. Mimi siwezi kumwamuru baba mkwe wangu avue koti. Nilimtuma Furaha. "Koko, Mama anasema koti ilale kwa ukuta ya inje." Akalivua. Alinung'unika siku tatu nzima kwamba anatawaliwa na wanawake wa Aru, lakini alilivua. Na alirudi shuleni, safari hii akalisema lile neno kwa mwalimu, asme, mbele za watu, akiwa amevaa suti ya sandukuni.

Asubuhi zake zilibadilika. Hakukagua tena sanduku. Alimwita Furaha kabla ya shule, akamgeuza, akaweka sikio mgongoni mwake. "Pumua. Tena." Akasikiliza upande huu, akasikiliza na ule. "Iko muzuri. Enda kwa masomo." Akisikia filimbi, mtoto anavuta pompi na tunangoja. Haikuwa kazi ya daktari, muuguzi mwenyewe alitupa dawa nyingine ya kila siku na kutuelekeza. Lakini nitasema: tangu msumari ule upigwe, Furaha hakubebwa tena na pikipiki. Akaanza kukimbia. Akaruka kamba. Mzee aliingia ndani asione, halafu alichungulia kwenye nyufa.

Sasa Furaha ana miaka kumi na mitatu, na masikio ya Baba Mukwe yamekwisha. Yalianza kuondoka polepole. Leo ili kumwambia chakula kiko tayari, napiga sufuria, na hata hivyo anageuka kwa sababu ameona mvuke. Hasikii kengele za kanisa, hasikii honi, lango analitikisa bila kujua kama limelia. Ila kila asubuhi mtoto anasimama, mzee anaweka sikio mgongoni, anafumba macho, anasema, "Iko muzuri." Mimi nilikuwa natazama na moyo unaniuma. Nilijua hasikii kitu. Nikasema moyoni, ndiyo ileile mashini, inalia tu, ndani ni hewa. Furaha alijua pia. Alisimama kwa heshima, akanikonyeza.

Kiangazi hiki, asubuhi moja, upepo ulikuwa umeamka mapema na vumbi lake. Furaha alikuwa na mtihani. Nilimwona anafunga viatu haraka, hasemi sana, nikamuuliza kama yuko sawa, akasema yuko sawa. Akasimama mbele ya babu yake kwa haraka, begi liko begani.

Mzee akaweka sikio. Akafumba macho. Halafu akaondoa sikio, akaweka kiganja, chote, kimefunguka, katikati ya mgongo. Hakusema iko muzuri.

"Koko, nitachelewa!" Furaha alipiga kelele ili asikie.

"Leo hapana," akasema.

"Niko muzuri, Koko!"

Akainua macho akanitazama mimi. Miaka kumi na minne, mzee huyu anaongea nami akiangalia pembeni, kama inavyotakiwa. "Mama Furaha, kuya hapa."

Nikaja. Nilitaka kupiga magoti, akakataa kwa kichwa. Akanyoosha mkono wake akashika wangu. Nilishtuka nusura niuvute. Baba mkwe hamshiki mukamwana, haijawahi kuwa. Akauweka mkono wangu mgongoni mwa mtoto, na wake akaulaza juu yake, akaukandamiza.

"Ngoja," akasema. "Usiangalie. Ngoja tu."

Mwanzoni sikuona lolote. Halafu nikakihisi, kwa ndani, chini ya mfupa wa bega: kitu kinatetemeka kidogo sana, kama simu inayoita ndani ya nguo. Furaha aliinamisha kichwa.

"Masikio ilishakufa siku mingi," Baba Mukwe akasema. "Nilikuwa nawekea mutoto kichwa asiogope. Mukono ndiyo inasikia. Sasa weye ujifunze, sababu miye ninaenda."

Furaha alinyoosha mkono kwenye msumari bila kuambiwa, akaitikisa pompi, akavuta mara moja, akashika pumzi, akaachia. Mtihani ungengoja. Tulisimama pale watatu mlangoni mwa jikoni, mkono wa mzee ukiwa mzito juu ya wangu, na hakuuondoa mpaka ule mgongo uliponyamaza.